Ngozi na Hukumu ya Nafsi

Kujinyanyapaa ni kitendo cha mtu kuipokea hukumu mbaya ambayo watu wamekwisha kuitoa juu ya walio kama yeye, kuiamini, kisha kujihukumu kwayo mwenyewe. Kwa anayeishi na ugonjwa sugu wa ngozi hukumu hiyo ni fupi na inajulikana: mchafu, ana laana, haguswi. Unyanyapaa wa nje unahitaji jicho la mtu mwingine, kinywa chake, au mgongo wake anapogeuka. Huu wa ndani hauhitaji mtu. Mlango umefungwa, taa imezimwa, hakuna anayeona, na bado mkono unavuta shuka kufunika viwiko.

Swali linalozuka hapa si la kitabibu peke yake. Dawa hutibu ngozi. Haijibu kama ngozi ni ushahidi juu ya mwenye ngozi. Je, alama iliyo mwilini inasema lolote kuhusu dhambi za mtu, thamani yake, au nafasi yake mbele ya Mungu na mbele ya wenzake? Uislamu na Ukristo vimeligusa swali hilo, na falsafa pia. Majibu yaliyotolewa yamewainua baadhi ya wagonjwa na kuwaangusha wengine.

Magonjwa yenyewe ni mengi. Soriasisi huifanya ngozi ijitengeneze kwa kasi isiyo ya kawaida. Seli ambazo huchukua takriban mwezi mmoja kupanda juu na kupukutika, kwa mgonjwa huyu hupanda kwa siku chache tu, zikarundikana na kuwa magamba meupe juu ya mabaka mazito. Katika ngozi nyeusi mabaka hayo huelekea rangi ya zambarau au kijivu badala ya wekundu unaoonyeshwa katika vitabu vingi, kwa hiyo hata mhudumu wa afya huweza kuyakosea. Mbalanga, ambayo wataalamu huiita vitiligo, hutokea pale kinga ya mwili inapozishambulia seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Huwapata watu wa rangi zote, kati ya 0.5 na 2 katika kila 100, ila kwa mtu mweusi huonekana tangu mbali. Pumu ya ngozi huwasha usiku na kumnyima mtu usingizi. Hakuna hata mmoja kati ya magonjwa hayo matatu unaoambukiza. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu soriasisi, ukiitambua kuwa ugonjwa sugu, wenye maumivu, usioambukiza na usio na tiba ya kuumaliza kabisa.

Elimu hiyo haijafika kwenye mabomba ya msikiti. Mwenye mabaka miguuni huijua saa yake ya kufika: ama mapema kabla ya adhana, ama atawadhe nyumbani aje na soksi. Akikuta watu wamejipanga kutia udhu, hujifanya anatafuta ndala zake mpaka wa mwisho aondoke, ndipo akunje suruali. Kanisani, wakati wa kupeana amani, mwenzake wa maradhi hayohayo huinamisha kichwa kwa heshima iliyopita kiasi ili asiutoe mkono. Harusini, sinia la pilau likiwekwa katikati ya watu watano, husema ameshiba, na tangu asubuhi hajala kitu. Jambo la kuangaliwa katika mifano yote hiyo ni moja: hakuna aliyemfukuza. Alijitoa mwenyewe kabla hajatolewa.

Mwanasaikolojia wa Marekani Patrick Corrigan na wenzake, ambao walilichunguza jambo hili hasa kwa watu wenye magonjwa ya akili, walieleza kwamba hukumu haiingii ndani kwa mkupuo mmoja. Kwanza mtu hujua watu wanasemaje. Kujua huko peke yake hakujamdhuru. Kisha hukubali kwamba wanasema kweli. Kisha hujitia mwenyewe ndani ya maneno yao, na mwisho heshima yake kwa nafsi yake huporomoka, akaanza kujiuliza kuna haja gani ya kuomba kazi, kuposa au kurudi shule. Mwaka 2002 Corrigan na Amy Watson waliandika pia juu ya jambo linalotatanisha: watu wanaokutana na dharau ileile hawaitikii kwa namna moja. Wapo wanaovunjika, wapo wanaokasirika na kupata nguvu ya kudai haki, na wapo wasiotikisika. Kwa hiyo baina ya dharau ya nje na aibu ya ndani pana kitu kinachopita katikati, nacho ni idhini. Mtu huidhinisha ushahidi uliotolewa dhidi yake. Mara nyingi huidhinisha akiwa mtoto, kabla hajawa na akili ya kuupima, kwa hiyo idhini hiyo si kosa la kumlaumia. Lakini kwa kuwa ni idhini, yaweza kuondolewa.

Kuiondoa kunaanza na maneno. Kiswahili kinatenganisha mambo ambayo mgonjwa huyachanganya. Haya ni sifa njema: ni ule utulivu unaomzuia mtu asitende lisilofaa, na mafundisho ya Kiislamu huihesabu haya kuwa sehemu ya imani. Aibu hufuata kosa. Mwizi akikamatwa huona aibu. Fedheha ni aibu iliyomwagwa hadharani. Msichana mwenye mbalanga anapovaa mikono mirefu katika joto la Februari, majirani husema ana haya, naye hujifariji kwa neno hilo. Haya, hata hivyo, hulinda kilicho cha thamani, ilhali yeye anaficha anachokiona kibaya. Na aibu haiwezi kuwa yake kwa sababu hakuna alichokosa. Kilichobaki ni hofu ya fedheha, yaani hofu ya watu, na hofu ya watu haipaswi kuvikwa vazi la ucha Mungu.

Neno la Kiyunani ambalo lugha za Ulaya hulitumia kwa unyanyapaa, stigma, lina historia inayofaa kukumbukwa hapa. Lilikuwa jina la alama iliyochomwa au kuchanjwa katika mwili wa mtumwa au mhalifu ili kila amwonaye ajue hadhi yake. Mwanasosholojia Erving Goffman, katika kitabu chake cha mwaka 1963 kilichobeba jina hilo, alianzia kwenye asili hiyo. Alama ile kwa kweli ilikuwa hukumu: palikuwa na hakimu, palikuwa na kosa lililodaiwa, palikuwa na mkono ulioshika chuma cha moto. Baka la mbalanga halina hakimu nyuma yake. Ni tukio la mwili, kama mvi au jino kung'oka. Kosa linalofanyika ni kulisoma tukio hilo kana kwamba ni maandishi, kisha kuuliza aliyeandika alikusudia nini.

Wanaolisoma hivyo hudai kwamba wamefundishwa na vitabu vitakatifu. Andiko linalotajwa zaidi ni sura ya 13 na ya 14 za Mambo ya Walawi. Humo mtu aliyethibitishwa na kuhani kuwa na maradhi ya ngozi yanayoitwa kwa Kiebrania tsaraat hutakiwa kuchana nguo zake, kuacha nywele bila kutengenezwa, kufunika mdomo wa juu, kukaa nje ya kambi, na kujitangaza kwa sauti kwamba yeye ni najisi. Kipengele hicho cha mwisho ni kizito. Hukumu haipigiwi mbiu na jirani. Kinywa cha mgonjwa ndicho kinachoitangaza. Anayejinyanyapaa leo anafanya jambo hilohilo kimyakimya, bila sheria yoyote kumlazimisha.

Ukisomwa kwa utulivu, mlango huo wa Walawi hausemi yale unayosingiziwa. Tsaraat haikuwa ukoma kama unavyojulikana leo. Maelezo yake yanakusanya hali mbalimbali za ngozi, tena sheria zilezile zinataja tsaraat ya nguo na tsaraat ya kuta za nyumba, vitu ambavyo haviwezi kuugua ukoma wala kutenda dhambi. Tafsiri ya Kiyunani iliiita lepra, na kutoka hapo jina likateremka mpaka likawaangukia wenye ukoma halisi. La kushangaza zaidi limo katika aya ya 12 na ya 13 za sura ya 13: mtu ambaye maradhi yamemwenea tangu kichwani hadi miguuni, akawa mweupe mwili mzima, kuhani humtangaza kuwa safi. Mtu ambaye macho ya watu yangemwona ameharibika kupita wote ndiye anayerudi kambini. Unajisi katika sheria hiyo ulihusu kuingia mahali patakatifu. Mwanamke aliyejifungua na mtu aliyegusa maiti ya baba yake akimzika walikuwa najisi pia, na hakuna aliyewaita waovu kwa sababu hiyo.

Ni kweli kwamba yapo masimulizi ambayo ndani yake ugonjwa wa ngozi unakuja kama adhabu. Miriamu alipigwa nao baada ya kumsema Musa, Gehazi mtumishi wa Elisha baada ya tamaa yake, mfalme Uzia baada ya kuingilia kazi ya makuhani. Hayafai kufichwa, kwa kuwa mgonjwa anayajua na yanamrudia usiku. Jibu lake ni la mantiki. Kusema kwamba fulani aliadhibiwa kwa mvua si kusema kwamba kila aliyelowa ameadhibiwa. Tena katika Agano lilelile la Kale yumo Naamani, jemadari wa Shamu, aliyekuwa na ugonjwa huo bila kutajiwa kosa lolote, na aliongoza jeshi na kuheshimiwa na bwana wake akiwa nao.

Hoja kamili imo katika kitabu cha Ayubu. Huyu anaelezwa tangu mwanzo kuwa mtu mkamilifu, kisha anapigwa majipu mabaya tangu wayo wa mguu hadi utosini, anakaa majivuni akijikuna kwa kigae. Rafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari wanakaa naye chini siku saba bila kusema neno, na kama wangeishia hapo wangekuwa mfano wa marafiki. Walipofungua vinywa walileta hesabu: Mungu ni wa haki, wewe unaumia, basi umekosa, tafuta kosa lako. Ayubu analia, anailaani siku aliyozaliwa, anamwita Mungu waziwazi amjibu. Jambo moja halifanyi. Haikubali hesabu ya marafiki. Anakataa kutubia kosa ambalo hakulitenda ili tu mambo yapate maelezo. Katika sura ya 42 Mungu anawaambia marafiki kwamba hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Wagonjwa wengi hufundishwa subira ya Ayubu na kufichwa ukaidi wake. Kwa mtu anayejinyanyapaa, ukaidi huo ndio dawa: yawezekana kuumwa, kulia, kumlalamikia Mungu, na bado kukataa kutoa ushahidi wa uongo dhidi ya nafsi yako.

Qurani inamtaja Nabii Ayubu kwa heshima hiyohiyo. Katika sura ya 38 anaambiwa aupige mguu wake ardhini, na yanatoka maji baridi ya kuoga na kunywa. Hakuna kosa linalotajwa kuwa chanzo cha madhara yake. Sura ya 3 na ya 5 zinamtaja Nabii Isa akiwaponya vipofu na wenye barasi kwa idhini ya Mungu. Injili ya Marko nayo inaeleza, katika sura ya kwanza, jinsi Yesu alivyonyosha mkono akamgusa mtu mwenye ukoma. Mpangilio wa matendo una maana yake: mguso unatangulia, kutakasika kunafuata. Mtu yule aliguswa akiwa bado na maradhi yake.

Maneno barasi na jedhamu yaliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, la kwanza likielekea zaidi weupe wa ngozi na la pili ukoma wenyewe, ingawa katika usemi wa kila siku yamechanganywa na kuwapa wenye mbalanga hofu isiyowahusu. Waarabu wa kale waliogopa hata kulitamka neno. Mfalme Jadhima, anayesimuliwa katika habari za kabla ya Uislamu, alikuwa na barasi, na watu wakamwita kwa majina laini kama al-Abrash, mwenye madoadoa, au al-Waddah, mng'aavu. Karne ya 9, mwandishi al-Jahiz wa Basra, ambaye jina lake la utani lilitokana na macho yake yaliyotokeza, aliandika kitabu kizima juu ya wenye barasi, viwete, vipofu na wenye makengeza. Hakukiandika ili wahurumiwe. Alikusanya habari za watukufu, mashujaa na washairi waliokuwa na alama hizo, wakiwamo waliojivunia weupe wao kama farasi anavyosifiwa kwa alama nyeupe ya usoni. Huo ni ushahidi wa zaidi ya miaka 1,000 kwamba kujidharau si matokeo ya lazima ya ngozi.

Falsafa inaongeza jambo ambalo maandiko hayakulieleza kwa kirefu, nalo ni nguvu ya jicho la mwingine. Jean-Paul Sartre, katika kitabu chake cha mwaka 1943, alieleza aibu kwa mfano wa mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Akiwa peke yake hajifikirii. Akisikia nyayo nyuma yake, ghafla anajiona kwa macho ya anayekuja. Aibu, kwa maelezo hayo, ni kukiri kwamba mimi ndiye huyo anayeonwa. Anayechungulia ana sababu ya kukiri. Mwenye soriasisi kwenye daladala, akihisi abiria wa pembeni amesogea kidogo, anakiri pia, na hana la kukiri. Zaidi ya hayo, abiria huenda alisogea kumpisha mwenye mzigo.

Epikteto, aliyekuwa mtumwa na kiwete katika dola ya Roma, alifundisha kwamba kinachowasumbua watu ni rai zao juu ya mambo kuliko mambo yenyewe. Fundisho hilo ni kweli nusu. Mgonjwa husaidika akijua kwamba baka ni jambo moja na rai juu ya baka ni jambo jingine. Lakini akiambiwa kwamba shida yote imo kichwani mwake, anatwishwa mzigo wa pili. Kinyozi aliyekataa kumnyoa hakuwa rai. Familia iliyovunja uchumba haikuwa rai. Kumtaka mtu asijidharau huku waliomfundisha kujidharau wakiachwa waendelee kufundisha ni dhuluma, na kila mpango wa kupunguza kujinyanyapaa unaoanza na kuishia kwa mgonjwa una kasoro hiyo.

Hofu ya kuambukizwa inastahili neno lake, kwa kuwa si kila hofu ni dharau. Ukoma huambukiza, ingawa si kwa wepesi unaodhaniwa, na wengi mno wanaokutana na vijidudu vyake hawaugui. Mwaka 1873 Gerhard Armauer Hansen wa Norwei aliuonyesha mdudu wake. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limependekeza tiba ya dawa mseto, ambayo tangu 1995 hutolewa bure, na mgonjwa akishaanza kuitumia huacha upesi kuambukiza wengine. Katika hadithi za Mtume Muhammad imo amri ya kumkimbia mwenye ukoma kama simba anavyokimbiwa, na ipo riwaya, ingawa sanadi yake imejadiliwa, kwamba alimshika mkono mwenye ukoma akautia pamoja na wake katika sahani moja, wakala. Wanazuoni walizioanisha kwa kutenga tahadhari ya mwili na hadhi ya mtu. Leo, dawa zikiwepo, sehemu ya tahadhari imekwisha kupungua na sehemu ya sahani imebaki palepale.

Kupunguza kujinyanyapaa kwa vitendo kunafuata njia iliyokwisha kuonekana: kuirudia ile hatua ya kukubali na kuipima upya. Kwanza mgonjwa aupate ukweli wa ugonjwa wake kwa jina lake, kutoka kwa anayeujua. Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo tangu mwaka 1992 kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi ambacho kimesomesha wahudumu kutoka nchi nyingi za Afrika, na wengi wao hufanya kazi mbali na miji mikubwa. Mtu aliyeitwa mchawi kwa miaka kumi akiambiwa kwa upole kwamba hali yake ina jina, ina sababu, na inawapata watu Ulaya na Asia, nusu ya kesi dhidi yake imefutwa. Ni vema pia ajue kwamba wasiwasi huweza kuchochea soriasisi. Aibu huleta wasiwasi, wasiwasi huleta mabaka mapya, mabaka huongeza aibu, na katika mzunguko huo hakuna mahali ambapo uvivu au uchafu umeingia.

La pili ni namna ya kusema na nafsi. Mtafiti Kristin Neff, aliyeandika juu ya huruma kwa nafsi mwaka 2003, aliitaja kuwa na sehemu tatu: upole kwa nafsi, kujua kwamba kuumia ni sehemu ya kila binadamu, na kuyatazama maumivu bila kuyakimbia wala kuyakuza. Kipimo chake rahisi kipo nyumbani. Soriasisi hurithika kwa kiasi. Mama aliyejificha miaka yote huamka siku moja akakuta baka la kwanza kwenye goti la binti yake. Hamwambii kwamba yeye ni uchafu. Humpaka mafuta, humwambia ni ngozi tu, mwanangu, wala usijali. Mwanamke huyo anaujua ukweli. Hajawahi kujihesabu kuwa miongoni mwa wanaostahili kuambiwa.

La tatu ni kusema na watu. Methali kwamba mficha maradhi kifo humuumbua ilikusudiwa tiba. Haimlazimishi mtu kumfunulia kila mpita njia. Kusitiri mwili ni haki yake, na tofauti iko katika sababu. Shirika la Changing Faces la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1992 na James Partridge ambaye uso wake uliungua katika ajali ya gari ujanani, hufundisha njia ya hatua tatu: eleza, mtulize mwenzako, geuza mazungumzo. Muuza nyanya mwenye mbalanga mikononi, mteja akisita kupokea chenji, husema, "Hii mbalanga, mama. Haiambukizi. Nikuongezee na bamia?" Sentensi tatu hizo zinamwondoa yeye katika kizimba na kumrudisha dukani. Kukutana na wenzake wenye hali hiyo kunamsaidia vilevile. Tarehe 25 Juni, siku aliyofariki Michael Jackson mwaka 2009, ndiyo iliyochaguliwa kuwa Siku ya Vitiligo Duniani. Alikuwa ameutangazia ulimwengu ugonjwa wake kwenye televisheni mwaka 1993, na wengi hawakumsadiki mpaka uchunguzi wa mwili wake ulipouthibitisha.

Viongozi wa dini wana fungu lao. Imamu anayekaa makusudi kwenye bomba la pembeni ya mwenye mabaka, padri anayemfuata kwa mkono mpaka alipojibana kwenye nguzo, hufundisha bila hotuba. Na wapo wanaofundisha kinyume. Mgonjwa huombewa Jumapili hadi Jumapili, ngozi isipobadilika huambiwa imani yake ni ndogo. Hapo anakuwa na unyanyapaa wa pili juu ya ule wa kwanza, tena uliotolewa kwa jina la Mungu, na huo ni mgumu zaidi kuung'oa. Ni hesabu ya Elifazi imerudi na kipaza sauti.

Linabaki swali la kama kujikubali kunapingana na kutafuta tiba. Baadhi huona kwamba anayekwenda hospitali bado anajichukia, na wengine kwamba anayejikubali amekata tamaa. Hakuna mgongano. Mwenye kiu hajichukii anapotafuta maji. Waswahili husema hujafa hujaumbika, na kwa kawaida husema hivyo kumwonya anayemcheka mwenzake. Msemo huo unabeba pia fikra kwamba umbo la mtu halijafungwa: hubadilika maisha yote, kwa mgonjwa na kwa mzima, na hakuna siku moja katikati ambayo mtu aweza kuichukua na kusema hii ndiyo sura ya mwisho ya kuhukumiwa. Tofauti kati ya tiba na kujichukia huonekana katika vitendo. Anayejichukia huahirisha maisha mpaka apone: ataoa akipona, atasali katika safu ya mbele akipona. Au hununua mkorogo wa kuchubua ngozi nzima iliyobaki salama. Anayejikubali humeza dawa yake asubuhi, kisha huenda kazini.

Katika Sahihi ya Muslim imesimuliwa habari ya Uweis al-Qarani, mtu wa Yemeni aliyemtunza mama yake. Alikuwa na barasi, akamwomba Mungu, akaponywa, isipokuwa mahali padogo penye ukubwa wa dirhamu. Khalifa Umar, aliyetawala kuanzia 634 hadi 644, alikuwa akiuliza habari zake kila ulipokuja msafara wa Yemeni, kwa sababu Mtume alikuwa amemtaja. Alipompata alimuuliza juu ya mama yake na juu ya lile baka dogo lililosalia, kwa kuwa ndizo alama alizopewa za kumtambulia, kisha akamsihi amwombee msamaha kwa Mungu. Uweis akamwombea. Umar alitaka kumwandikia barua gavana wa Kufa ili apokewe kwa heshima. Uweis akasema anapenda zaidi kuishi kati ya watu wa kawaida, akaenda zake na dirhamu ile ingali mwilini mwake.